Tepe Tano Nyeusi

Siku Arafa Osman alipomwambia mama yake, Bilan, kwamba amejiandikisha katika kikosi cha kuokoa majeruhi wa majanga, Bilan alisukuma sahani ya wali pembeni na kuuliza, "Kwani huna kazi wewe?"

Kazi alikuwa nayo. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita akiwa muuguzi katika hospitali moja ya Kitale, na nyumba yao ya Tuwan, nyuma tu ya msikiti, ilikuwa ikiendeshwa na kazi hiyo hiyo. Lakini mwaka uliotangulia, akitoka zamu, alikuta lori la mahindi limepinduka barabarani pale Kibomet. Watu walikuwa wamejaa wakipiga picha. Arafa alisimama katikati yao, muuguzi mzima na sare yake, asijue aanzie wapi. Utingo wa lori akakata roho mbele ya macho yake, naye hakuwa amemgusa hata kwa kidole. Tangu siku hiyo aliona haya kuvaa ile sare.

"Sitaki kusimama tena hivyo, Mama," alisema.

Bilan akavuta sahani yake, wala hakulizungumzia tena jambo hilo.

Mafunzo yalichukua siku tano, katika uwanja wa maonyesho wa Kitale. Mkufunzi na kiongozi wa kikosi alikuwa Mzee Mukhisa, mtu wa Bungoma aliyestaafu jeshini, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza. Alitoa mfukoni tepe za rangi nne, akazining'iniza kwenye kidole.

"Kijani anaweza kutembea. Manjano anaweza kungoja. Nyekundu hangoji, huyo anatangulia hospitalini. Nyeusi..." Aliutikisa ule utepe mweusi. "Nyeusi ni aliyekufa. Mtu hapumui, mwinue kidevu, mfungulie njia ya hewa. Kama bado hapumui, mfunge nyeusi, andika saa, andika herufi za jina lako, nenda kwa mwingine. Sekunde thelathini kwa kila mtu. Ukimpa mmoja dakika tano, kuna mwingine pale nyuma unamwua."

Siku ya kwanza ya mazoezi, wanafunzi wa chuo walilazwa kwenye nyasi wakiwa wamepakwa rangi nyekundu. Msichana mmoja alilia vizuri mno, na Arafa akamshika mkono akimbembeleza. Mzee Mukhisa akaja, akanyoosha kidole. "Yule, na yule, na yule pale. Wote watatu wamekufa ukiwa hapa." Wanafunzi wakacheka. Arafa hakucheka. Kufikia siku ya tano hakuna aliyemzidi kasi, na alipokabidhiwa kizibao cha rangi ya machungwa chenye jina lake mgongoni, alikivaa hadi nyumbani.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimepamba moto, jengo la ghorofa tatu liliporomoka pembeni mwa mji wa Bungoma. Lilikuwa halijamalizwa, ila wachuuzi walikuwa wameshaingia chini yake kujikinga na mvua, wenye mboga, wenye dagaa wa omena, wenye mitumba. Lilianguka saa tatu na nusu asubuhi. Kikosi cha Kitale kilipita Kiminini ving'ora vikilia, na saa nne na nusu Arafa alikuwa amesimama mbele ya kile kifusi.

Hakuna zoezi lililomwandaa kwa kelele zile. Tingatinga lilikuwa likinguruma, jenereta mbili zinapiga, wanaume wanapaza sauti wakivuta nondo, na chini ya hayo yote watu wanalia. Vumbi la saruji lilikuwa limelowa kwa manyunyu na kugeuka uji. Mzee Mukhisa alimpa upande wa mashariki. "Sekunde thelathini," alimkumbusha, akaondoka mbio.

Arafa akaanza. Kijani. Manjano. Nyekundu. Nyekundu. Mikono yake ilikuwa ikifanya kazi yenyewe, na sehemu fulani ya moyo wake, ambayo baadaye aliichukia sana, ilikuwa ikifurahi kwamba safari hii anajua la kufanya.

Wa kumi na tisa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, uso mweupe kwa saruji, mguu wa kulia umelaliwa na kipande cha zege. Arafa aliinama akaweka shavu karibu na mdomo wake. Akatazama kifua. Akainua kidevu, akangoja. Tingatinga lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, na ardhi ilikuwa ikitetemeka chini ya magoti yake. Hakusikia kitu. Hakuhisi kitu. Alitoa utepe mweusi akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa yule mama, akaandika nambari, saa, na herufi zake mbili.

"Nisamehe, mama," alisema, akavuka.

Ubavuni mwa yule, upande wa kushoto, kulikuwa na mwanamke mwingine aliyefunikwa hadi kifuani. Wa ishirini. Shavu, kidevu, kungoja. Nyeusi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nane.

Kwa jumla Arafa alifunga tepe thelathini na tatu siku ile, na tano kati ya hizo zilikuwa nyeusi.

Karibu saa sita tingatinga liliishiwa mafuta likazimika. Salman, mwenzake katika kikosi, alikuwa ameanza kuwaondoa waliokufa. Arafa alikuwa akisaidia kuingiza machela katika ambulensi aliposikia sauti yake.

"Huyu anapumua! Nani amemfunga huyu nyeusi? Jamani, huyu yuko hai!"

Watu walikimbilia pale. Arafa naye alikwenda, hatua chache tu, kiasi cha kuona uso mweupe na mkono wenye utepe. Salman aliukata kwa makasi, akautupa, akafunga mwekundu. Wanaume sita wakainua lile zege. Arafa alirudi kwenye ambulensi akashika machela yake.

Mzee Mukhisa hakuhitaji kuambiwa. Aliuokota ule utepe matopeni, akazisoma zile herufi mbili. Jioni, kikosi kilipokuwa kikifungasha, alimwita kando.

"Kelele zilikuwa nyingi," alisema. "Nimeandika kwamba majeruhi alikaguliwa upya na utepe ukabadilishwa. Huo si uongo."

"Si uongo," Arafa alijibu.

"Watu ishirini na wanane wamefika hospitalini kupitia mikono yako leo. Basi. Nenda nyumbani."

Nyumbani alikwenda, lakini jambo lile lilitangulia kufika. Wiki ya kwanza alijikuta akisimama juu ya vitanda vya wagonjwa waliolala, akihesabu vifua vinavyopanda na kushuka, mpaka mgonjwa mmoja mzee alifumbua macho na kumuuliza kama anangoja kitanda chake. Baada ya hapo ikawa kila mtu. Akiwa katika swala, safu ya wanawake, badala ya kumsikiliza imamu alisikiliza pumzi za aliyesimama kulia na aliyesimama kushoto. Adhuhuri moja alimkuta mama yake amejilaza kwenye mkeka sebuleni. Alipiga magoti, akaweka shavu lake karibu na mdomo wa mama. Bilan akafungua macho.

"Unatafuta nini usoni kwangu?"

"Hakuna, Mama."

"Mimi sijafa, Arafa," Bilan alisema, na sauti yake ilikuwa na woga. "Usinifanyie hivyo tena."

Yule wa kumi na tisa aliitwa Nakhungu. Alikuwa muuza mboga. Arafa alikuwa akifuatilia habari zake kupitia muuguzi wa hospitali ya Bungoma aliyesoma naye. Nakhungu alinusurika. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Kila habari njema kumhusu ingepaswa kumtuliza Arafa, na kwa siku mbili tatu ilimtuliza kweli. Kisha alasiri moja, akiosha vyombo, wazo likamjia ambalo lilimfanya aache maji yakimwagika hadi yakajaa sinki na kushuka sakafuni.

Nakhungu alikuwa amepatikana. Wale wanne wengine je?

Alimtafuta Salman siku hiyo hiyo.

"Ulipowafikia wale wengine wangu wenye tepe nyeusi, walikuwaje?"

"Walikuwa wamekufa, bana."

"Nilipowafunga, au wewe ulipowafikia?"

"Arafa, mimi nilifika saa sita. Mimi nitajuaje?"

Tangu hapo wale wanne hawakuwa tena majeruhi wa ajali. Walikuwa wake. Hakuwaona usoni, maana nyuso zile zote zilikuwa za saruji. Akiwakumbuka, alichoona ni mikono yenye utepe. Siku moja mwanamke aliponyoosha mkono kupokea nyanya sokoni Tuwan, na kamba nyeusi ya nywele ikiwa imevaliwa kwenye kifundo, Arafa aliacha kikapu chake akaondoka.

Mwezi wa nane alichukua ruhusa ya siku moja akaenda Bungoma. Alimkuta Nakhungu nje ya nyumba yake, kwenye kiti cha plastiki, ungo wa maharagwe mapajani, mikongojo imeegeshwa ukutani. Binti yake Nabwile alikuwa akifua karibu. Arafa aliamkia, akakabidhi sukari na mkate aliokuja nao, akasema ametoka katika kikosi cha Kitale, amekuja kumjulia hali.

Vidole vya Nakhungu vikaacha maharagwe.

"Hebu sema tena."

"Niseme nini, mama?"

"Chochote." Alikuwa amefumba macho. "Ni wewe. Wewe ndiye uliniambia nikusamehe."

Arafa hakuwa amekaribishwa kiti, akachuchumaa.

"Nilikuwa nasikia kila kitu," Nakhungu alisema. "Kufungua macho nimeshindwa. Kifua ni kama kimefungwa na kamba, pumzi naivuta kidogo kidogo kama mtu anaiba. Nikasikia umenishika kidevu. Nikasikia umenifunga kitu kwa mkono. Nikasema, asante Mungu, wamenipa alama, sasa watarudi." Alifungua macho. "Nilikaa pale nikingoja mrudi. Hicho kitu kilikuwa cha nini, sista? Hapa nimeuliza kila mtu, hakuna anayejua."

Arafa angeweza kusema ilikuwa nambari tu. Njia nzima alikuwa amelifikiria jibu hilo.

"Kilikuwa utepe mweusi, mama. Ni wa waliokufa."

Nabwile aliacha kufua.

"Kwa hivyo mlikuwa hamrudi," Nakhungu alisema.

"Tungerudi mwisho. Kuchukua maiti."

"Na mguu?"

"Daktari alisema ulikuwa umesagika tangu mwanzo. Lakini ulikaa pale karibu saa moja zaidi kwa sababu yangu. Mguu ungepona au usingepona, sijui."

Nakhungu alirudisha vidole kwenye maharagwe, akatoa jiwe moja, akalitupa. "Nenda nyumbani, sista," alisema, wala hakupaza sauti.

Arafa alikuwa ameshafika barabarani Nabwile alipomfikia, akampa mfuko wa sukari na mkate. "Mama amesema uende nayo." Arafa aliupokea, akamwachia nambari yake ya simu.

Kwa wiki mbili hakuna kilichotokea. Kisha Jumapili moja mchana simu ikaita. Arafa aliijua ile sauti kabla haijajitaja.

"Sista. Pale karibu na mimi, upande wa kushoto, kulikuwa na Rosaline. Alikuwa anauza omena. Yeye ulimfunga gani?"

"Nyeusi."

"Ulimwangalia vizuri?"

"Nilimwangalia kama nilivyokuangalia wewe, mama."

"Aliniita," Nakhungu alisema. "Ukuta ulipotuangukia, kabla hamjafika. 'Nakhungu, uko? Nakhungu, uko?' Mara tatu. Mimi nilikuwa nasikia. Sikuitika, maana ile pumzi kidogo nilikuwa nayo niliogopa kuitumia. Halafu akanyamaza. Sijui kama alinyamaza kufa ama alinyamaza kuchoka. Mume wake huja hapa kila Jumapili kuniuliza kama mke wake alisema kitu. Mimi namwambia alikufa palepale. Nimechoka kumwambia hivyo. Kuja twende kwake."

Alasiri hiyo hiyo Arafa alikuwa Bungoma. Nyumba ya Matthew, mume wa Rosaline, ilikuwa mbele kidogo ya mashamba ya miwa. Nakhungu alitembea kwa mikongojo yake, jasho likimtoka, na Arafa aliponyoosha mkono kumsaidia aliukataa kwa kichwa. Matthew alikuwa mwanamume mpole aliyevaa shati la kanisani, akatoa viti, akataka kuchemsha chai.

"Acha chai kwanza," Nakhungu alimwambia. "Kaa."

Akamweleza. Alivyoitwa, alivyonyamaza, alivyomdanganya Jumapili zote zile. Matthew alikuwa akitazama viganja vyake. Nakhungu alipomaliza, Arafa naye akasema yake, kwa mpangilio, kama anayetoa taarifa, kwa sababu angesema kwa namna nyingine asingefika mwisho.

"Kwa hivyo pengine alikuwa hai," Matthew alisema.

"Pengine. Mimi sikusikia pumzi. Lakini hata ya mama huyu sikuisikia."

Matthew aliinuka akaingia ndani. Alikaa sana. Wanawake wawili hawakutazamana. Alipotoka uso ulikuwa umelowa maji, na hakumtazama Arafa, alimtazama Nakhungu.

"Mbali na kukuita wewe, hakusema kitu kingine?"

"Alisema. Baada ya kuniita. Alisema, 'Mwambieni Matthew mahindi yako kwa jua.'"

Asubuhi ile Rosaline alikuwa ameanika mahindi ya akiba yaliyoanza kuingiwa na wadudu, akaenda sokoni.

"Yalinyeshewa," Matthew alisema. "Yalinyeshewa yote. Yakaota hapo hapo kwa turubai, na mimi sikuwa na nguvu ya kuyatoa." Akaketi, akafunika uso, akalia kwa sauti kubwa, na Nakhungu akalia naye. Arafa alibaki amekaa wima kwenye kiti chake. Aliona hana haki ya kulia katika nyumba ile.

Walipoaga, Matthew aliwasindikiza hadi kwenye njia. "Mimi sijui nifanye nini na hiki kitu mmeniletea," alimwambia Arafa. "Sitakuambia ati ni sawa. Lakini umekuja. Hao wengine nao watu wao wanajua?"

Hawakujua. Kesho yake Arafa alikwenda ofisini kwa Mzee Mukhisa akaomba ile ripoti iandikwe upya.

Mzee Mukhisa alikasirika. Alisema ataharibu kikosi, hakuna atakayejiunga tena. Alisema vitani na kwenye majanga watu hukosea. Alipoona Arafa haondoki, alivua miwani.

"Wewe unadhani mimi silijui jambo hilo?" alisema polepole. "Mimi nina wangu. Jeshini, na baada ya jeshi. Nilidhani mtu akinyamaza, wanakwenda."

"Wamekwenda, Mzee?"

Mzee Mukhisa alivuta droo, akatoa karatasi, akamsukumia kalamu.

Ripoti iliandikwa upya na kusomwa mbele ya kikosi kizima, Arafa akiwa amesimama. Wawili waliacha kumwamkia. Ikakubaliwa kwamba kuanzia siku hiyo, mtu yeyote asifungwe nyeusi kabla mashine zote hazijazimwa kwa dakika moja kamili. Madereva wa tingatinga hulalamika mpaka leo, lakini huzima.

Kisha Arafa akaanza kuwatafuta watu wa wale watatu waliobaki. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa mitumba. Kaka yake alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamfungia mlango kabla hajamaliza. Wa pili alikuwa fundi wa simu, kijana. Mama yake, Agneta, alimshika Arafa mikono yote miwili, akasema Mungu ndiye aliyepanga, akamlisha ugali na kunde, akamwombea. Hilo lilimwumiza Arafa kuliko ule mlango.

Wa tatu hakuwa na mtu. Alikaa mochari miezi miwili bila wa kumtambua, akazikwa na serikali ya kaunti. Katika karatasi za polisi aliandikwa mwanamume, miaka arobaini kukadiria, sweta ya kijani, jino moja la mbele halipo. Mchuuzi mmoja aliyenusurika alisema alikuwa akileta maharagwe kutoka mpakani, pengine Suam.

Mwezi wa kumi Arafa alikwenda Suam siku ya soko. Alizunguka kwenye magunia asubuhi nzima, upande huu wa mpaka, kisha akavuka na upande wa pili, akiuliza kuhusu mtu wa sweta ya kijani. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Wengine walitaka kujua kama alikuwa anamdai. Wengine walidhani ni mke aliyekimbiwa.

"Alikuwa nani kwako?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akishona mdomo wa gunia.

"Nilikuwa mtu wa mwisho kumgusa."

Yule mama aliacha sindano, akamtazama vizuri, kisha akamwambia aache nambari yake. Arafa aliiandika kwenye kipande cha karatasi, na huyo mama akakibandika kwenye nguzo ya kibanda chake.

Bado yumo katika kikosi. Ameitwa mara nne tangu wakati huo, na mara zote nne amekwenda. Bilan humwekea chakula na hamwulizi aliyoyaona. Lakini simu ikiita, na nambari iwe ngeni, hata akiwa na glavu mkononi, Arafa huomba mtu amshikie sikioni, naye husema, "Ndiyo, ni mimi," kabla anayepiga hajasema lolote.